Fomu ya mkopo wa meno iko kwenye mkoba, ada ya binti iko benki

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 44, nimeolewa na tuna watoto wawili. Nakuandikia jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini mimi limeninyima raha hata darasani.

Sina meno matatu. Mawili ni magego ya chini kushoto, yale ya mwisho kabisa, ambayo yaling'olewa miaka mingi iliyopita, enzi ambazo jino likiuma nilikwenda kung'oa tu, basi. La tatu ni la mbele, juu. Hilo lilishatibiwa mzizi zamani, mwaka huu likapasuka hadi ndani ya fizi na daktari akasema halifai tena. Alipoling'oa alinitengenezea jino la kuvaa na kuvua, la plastiki, akaniambia ni la muda tu.

Mama, hilo jino ndilo linalonimaliza. Linacheza. Nikitamka "fafanua" upepo unapita na plastiki inashuka, nairudisha kwa ulimi huku wanafunzi wananitazama. Siku hizi nasema "eleza zaidi". Nikicheka naziba mdomo. Wakati wa kula nalivua na kulifunga kwenye tishu, na siku moja aliyekuwa anafanya usafi katika ofisi ya walimu aliikusanya ile tishu pamoja na takataka nyingine. Nilifukua kapu mbele ya wenzangu wote. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikaenda kliniki nyingine, ya kisasa. Wakapiga picha, wakasema ninahitaji vipandikizi vitatu, na kule nyuma mfupa umepungua kwa hiyo itabidi uongezwe. Nilipopewa karatasi ya gharama nilidhani nimesoma vibaya. Ni karibu mshahara wangu wa mwaka mzima! Karatasi yenyewe ina mstari mmoja: "Vipandikizi vitatu, matibabu kamili", na tarakimu mbele yake. Dada wa mapokezi akaniambia nikilipa kianzio kabla ya mwisho wa mwezi nitapunguziwa, na kwamba nisione ni ghali kwa sababu ni meno ya maisha, nikishaweka nimemaliza. Kama fedha sina, ipo kampuni wanayofanya nayo kazi, mkopo unatoka upesi na miezi ya mwanzo haina riba. Fomu ninayo kwenye mkoba. Nimeijaza yote, imebaki saini.

Akiba tunayo, ila ni ya ada ya binti yetu wa kwanza anayeingia chuo kikuu. Ingetosha jino moja na kitu kidogo juu yake. Binti mwenyewe ameniambia, "Mama chukua, mimi nitasubiri mwakani." Maneno hayo badala ya kunifariji yananichoma.

Mume wangu nilipomwonyesha ile karatasi aliniambia, "Kwani mama yangu si anavaa ya bandia? Mbona anakula na anacheka?" Akamalizia kwamba haya ni mapambo. Huyu ni mtu ambaye biashara yake ilianguka tukalipa deni lake pamoja, sehemu kubwa kutoka mshahara wangu, na sikumsimanga hata siku moja. Leo zamu yangu imefika naambiwa mapambo. Nimefikia hatua ya kufikiria nisaini kimya kimya, makato yapite kwenye mshahara wangu, yeye atajua mbele ya safari.

Rafiki yangu ananishauri nisafiri nje ya nchi, anasema kuna mahali ni nusu ya bei. Bima ya kazini niliwapigia, wakanijibu vipandikizi havimo. Fizi zangu zinatoka damu kidogo nikipiga mswaki na nina kisukari, nameza vidonge, lakini hayo nimeshayazoea na pale kliniki hawakuniuliza.

Nisaidie kuelewa kwa nini kitu kidogo hivi kina bei kubwa namna hii, na mtu wa kipato kama changu anakipataje bila kuiumiza nyumba yake. Nisaini?

Ni mimi mwalimu, naomba jina lisitajwe.

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza niseme wazi kwamba jambo lako si dogo. Mtu anayefundisha kwa mdomo wake akianza kuchagua maneno kwa kuogopa plastiki isishuke, hapo kazi yake imeguswa na heshima yake imeguswa. Kwa hiyo neno "mapambo" tuliweke pembeni kwa sasa, nitalirudia nikifika kwa baba watoto.

Nilivyokuelewa, umepewa bei moja kwa ajili ya meno matatu, umepewa muda mfupi, na umebanwa kati ya mkopo usioujua vizuri, ada ya mtoto, na mume ambaye jibu lake lilikukata maini. Unaniuliza usaini au usisaini. Sitakujibu hilo, na si kwa kukwepa. Ni kwamba kwa karatasi ya mstari mmoja hata mimi singejua ninachosaini.

Umeuliza kwa nini ni ghali. Kinachoitwa kipandikizi ni vitu vitatu. Kuna skrubu, mara nyingi ya titani, inayoingizwa ndani ya mfupa wa taya mahali pa mzizi. Juu yake kuna kiungio, na juu ya kiungio inakaa kofia, yaani lile jino lenyewe linaloonekana. Siri yake iko kwenye titani. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani, na alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekishika hakitoki. Mgonjwa wa kwanza kuwekewa meno kwa njia hiyo alitibiwa mwaka 1965. Mpaka leo kazi inategemea jambo lilelile: mfupa lazima ukue ushikane na skrubu, na mfupa hauharakishwi. Kwa kawaida ni miezi mitatu hadi sita kati ya kuweka skrubu na kufunga kofia, na ikiwa mfupa unaongezwa kwanza, safari inarefuka zaidi.

Basi unalipia upasuaji, picha ya kuonyesha taya kwa pande zote ili mishipa ya fahamu isiguswe, vipuri vinavyotengenezwa kwa vipimo vya hali ya juu, fundi wa maabara anayechonga jino lifanane na la jirani yake, na ziara nyingi za daktari. Hapo ndipo bei za kliniki mbili zinapopishana hadi mtu ukashangaa. Mmoja anatangaza bei ya skrubu peke yake, mwingine anataja safari nzima. Yule wa kwanza anaonekana rahisi mpaka unapofika kwenye kiungio na kofia.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako ni dogo na halina gharama. Rudi pale, uombe karatasi ichambuliwe: skrubu, kiungio, kofia, picha, kuongeza mfupa, jino la muda la kuvaa wakati unasubiri, ziara za ufuatiliaji. Na kila jino liwe na mstari wake. Kliniki nzuri haichukii swali hili. Ikichukia, nalo ni jibu.

Nasisitiza kila jino liwe peke yake kwa sababu wamekufungia meno matatu kwenye furushi moja, nawe umelibeba hivyohivyo. Soma tena barua yako. Uliyoyaeleza kwa uchungu ni ya jino la mbele tu: "fafanua", kicheko, kapu la takataka. Kuhusu magego ya nyuma hukuandika hata sentensi moja kwamba yanakusumbua. Unatafuna vizuri upande huo? Jino la juu lililokosa mwenzake limeanza kushuka? Sijui, hukusema, na pengine hakuna aliyekuuliza. Wapo watu wengi wanaoishi miaka na miaka bila magego ya mwisho na chakula wanakula. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitumia meno 20 ya asili kama kipimo cha kinywa kinachofanya kazi yake, na wewe, ukiacha hayo matatu, pengine umepita hapo kwa mbali. Sisemi magego hayana maana. Upande mmoja ukibeba kazi yote huchoka, na jino lisilo na mwenzake linaweza kusogea. Ila swali la kumuuliza daktari ni hili: "Nikiyaacha haya mawili kwa miaka michache, nini kitatokea, na tutakijuaje mapema?" Lingine ni kama gego moja tu lingetosha badala ya mawili. Kumbuka pia kuwa huko nyuma ndiko penye gharama ya kuongeza mfupa.

Sasa hilo la mbele. Nina hisia kwamba umehukumu njia zote nyingine kwa kosa la hicho kiplastiki. Mwenyewe uliambiwa ni cha muda. Fizi inapopona baada ya kung'oa hunywea, na kilichokaa vizuri siku ya kwanza huanza kucheza. Daktari anaweza kukijaza upya kwa ndani ili kishike, kazi ya muda mfupi na ya bei ndogo, na hiyo peke yake huenda ikakurudishia utulivu wa kufikiri wakati unaamua mambo makubwa. Kuna pia meno ya kuvaa yenye fremu nyembamba ya chuma, mepesi na imara kuliko plastiki, na hushika kwenye meno mengine. Labda ndiyo anayovaa mama mkwe. Bado yanavuliwa usiku, na wapo wasioyapenda hata kidogo, nawaelewa.

Halafu lipo daraja. Daraja la kawaida hutaka meno ya pande mbili yachongwe ili yabebe lile la katikati, na kama jirani zake ni wazima kabisa, kuyachonga ni hasara isiyorudi. Kama jirani tayari ana kofia au kajazwa sehemu kubwa, hasara hiyo inapungua. Lakini kuna aina nyingine ambayo sioni kama ulitajiwa: jino lenye bawa dogo linalogandishwa kwa gundi nyuma ya jino la jirani, bila kuchonga au kwa kuchonga kidogo sana. Kwa jino moja la mbele hii ni njia inayoheshimika, haihitaji upasuaji wala kungoja mfupa, na bei yake kwa kawaida ni sehemu ndogo ya bei ya kipandikizi. Ubaya wake ni kwamba laweza kubanduka, tena pengine katikati ya kipindi, na halimfai kila mtu, hasa anayesaga meno usiku. Likibanduka mara nyingi hugandishwa tena. Wengine hukaa nalo miaka mingi. Wengine hulitumia kama kituo cha kupumzikia hadi fedha ya kipandikizi ipatikane.

Haki ya kipandikizi nayo nisiifiche. Hakigusi meno ya jirani, hakivuliwi, na mtu akikizoea husahau kama si jino lake. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa miaka 10 zinaonyesha zaidi ya asilimia 90 bado viko mdomoni. Lakini yale maneno ya dada wa mapokezi, kwamba ukishaweka umemaliza, sikubaliani nayo. Kofia ya juu huchakaa au kumeguka na yaweza kuhitaji kubadilishwa baada ya miaka kumi, kumi na tano hivi. Fizi zinazoizunguka skrubu zinaweza kuugua, mfupa ukaliwa taratibu bila maumivu, mpaka kipandikizi kikalegea. Kwa hiyo kuna kusafishwa na kukaguliwa kila mara, maisha yako yote, na hiyo ni fedha ambayo haimo kwenye karatasi yako.

Hapo ndipo nafika kwenye sentensi uliyoipitisha haraka kuliko zote, ya fizi kutoka damu na kisukari. Mwanangu, umesema umezoea. Mimi niliposoma hapo niliweka barua chini.

Fizi zinazotoka damu kila ukipiga mswaki kwa kawaida ni fizi zenye uvimbe, na mtu mwenye ugonjwa wa fizi ambao haujatibiwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupoteza kipandikizi. Kisukari kisichodhibitiwa hupunguza kasi ya kidonda kupona na kufungua mlango kwa maambukizi. Hivi viwili tena hupandishana: fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kushuka, na sukari ikiwa juu fizi nazo huharibika. Kisukari chenyewe hakikunyimi kipandikizi, watu wengi wanacho na wamepandikizwa vizuri. Ila kabla mtu hajakutoboa mfupa anatakiwa ajue wastani wa sukari yako kwa miezi mitatu iliyopita, kipimo ambacho daktari wako wa sukari anakijua, na fizi ziwe zimesafishwa chini kabisa na kutulia. Kliniki iliyotaka kianzio kabla ya kukuuliza hayo, sijui niiseme vipi kwa adabu. Waulize wewe, usikie watakavyojibu. Na kama kuna dawa zozote za kuimarisha mifupa unazotumia au umewahi kuchomwa, zitaje pia.

Angalia jambo hili linavyokusaidia kwenye fedha. Kusafisha fizi ni kazi ya bei nafuu ukilinganisha na hiyo nyingine, huenda bima yako ikailipa, na itachukua miezi michache. Yaani tiba sahihi yenyewe inakutaka usubiri. Huo "mwisho wa mwezi" ni wa kwao, mwili wako hauujui. Kwa magego, mfupa wa pale ulishapungua zamani, miezi sita zaidi haitabadilisha kitu kikubwa. Kwa jino la mbele lazima niwe mkweli: mfupa hupungua zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, kwa hiyo kuchelewa miaka kunaweza kuongeza kazi na gharama. Miezi ya kujiandaa ni sawa. Kulisahau kabisa ni habari nyingine.

Tuje kwenye mkopo. "Miezi ya mwanzo haina riba" ni maneno matamu, na pengine ni ya kweli. Unachotakiwa kukijua ni kinachotokea mwezi unaofuata. Mikopo mingine ya namna hii, ukibakiza hata kiasi kidogo muda ule ukiisha, riba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza na kwa deni lote. Iambie kampuni ya mkopo ikuandikie namba moja tu: jumla utakayokuwa umelipa siku ya mwisho. Uiweke kando ya bei ya kliniki uone tofauti. Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Mkopo hulipa kliniki fedha yote mwanzoni, wakati kazi yako itachukua miezi. Je, skrubu isiposhika? Kliniki ikihama au daktari akiondoka? Deni linabaki na jina lako. Ndiyo maana wengi huomba kulipa kwa hatua: sehemu siku ya skrubu, nyingine siku ya kofia. Kwa kuwa kuna miezi kati ya hatua hizo, hiyo yenyewe ni nafasi ya kuweka akiba bila riba ya mtu. Uliza pia, kwa maandishi, isiposhika nani analipia kuitoa na kuweka nyingine. Na kianzio, ukighairi kwa sababu sukari haikukubali, kinarudi?

Kuhusu bima, "vipandikizi havimo" ni jibu la simu. Omba waraka wenyewe. Mara nyingine skrubu ndiyo iliyokatazwa lakini picha, kusafisha fizi, au hata kofia na daraja vimo kwa kiwango fulani. Pia tazama kama wana kikomo cha mwaka, kwa sababu kazi inayoanza mwishoni mwa mwaka mmoja na kuishia mwaka unaofuata inaweza kugusa vikomo viwili. Soma na kile kipengele cha meno yaliyong'olewa kabla hujajiunga, ndicho kinachowakatisha wengi tamaa.

Njia nyingine ambayo hukuitaja ni chuo kikuu kinachofundisha udaktari wa meno. Wanaosomea ubingwa hufanya kazi chini ya jicho la walimu wao, na gharama huwa chini. Utalipa kwa muda: foleni, vipindi virefu kwenye kiti, kuja tena na tena. Wewe mwenyewe ni mwalimu, unajua kazi ya mwanafunzi anayesimamiwa inavyokaguliwa mstari kwa mstari.

Rafiki yako wa safari hajakosea kuhusu bei, nchi zinatofautiana sana. Kwenye tofauti hiyo toa nauli na malazi, tena kwa angalau safari mbili, kwa sababu mfupa unahitaji miezi yake huko kama hapa. Swali gumu ni la baadaye. Aina za vipandikizi ni nyingi na vipuri vyake haviingiliani hovyo. Kiungio kikilegea ukiwa umesharudi, daktari wa karibu anaweza asiwe na bisibisi ya kukikaza. Ukienda kokote, ndani au nje, rudi na kadi yenye jina la kampuni, aina na namba za kila kipuri.

Sasa baba watoto. Alivyosema ni vibaya, na una haki ya kumwambia kwamba ilikuumiza. Lakini nikukumbushe kitu ulichokiandika mwenyewe: huyu ni mtu aliyewahi kuzama kwenye deni, na mkewe akamtoa. Mtu wa hivyo akiona karatasi ya mshahara wa mwaka mzima, hofu inaweza kumtoka mdomoni kwa sura ya dharau. Inawezekana kabisa kuwa ni bahili tu, wewe ndiye unayemjua. Je, amewahi kusikia habari ya "fafanua"? Ya lile kapu? Au alichokiona ni tarakimu peke yake?

Ukisaini kimya kimya utapata jino, na huenda usijute. Hatari ninayoiona ni kwamba siku atakapojua, na makato ya mshahara hayafichiki muda mrefu, mazungumzo hayatakuwa tena ya meno. Ukimshirikisha nako kuna hatari yake: anaweza kukataa mbele ya karatasi iliyochambuliwa vizuri kabisa, na hapo utakuwa umebaki na uamuzi mgumu zaidi kuliko huu. Wapo wanawake walioanza kwa kumwita mume aandamane nao kwa daktari, aone picha, aulize mwenyewe. Wapo waliotenga kidogo kidogo kutoka mshahara wao kwa uwazi, bila kuomba ruhusa na bila kuficha.

Na binti. Amekupa kitu kikubwa na naona kimekuelemea. Kuahirisha chuo mwaka mmoja kunaweza kusimuumize, kunaweza pia kumharibia nafasi aliyoipata. Ulizeni chuo kama nafasi inashikiliwa kabla hata hujalijadili naye zaidi. Mshukuru, umwambie hesabu bado zinafanywa. Kumwachia mtoto afikiri kwamba ada yake na tabasamu la mama yake ni vitu vinavyogombana, wakati bado hujajua kama jino la bawa lingekutosha kwa miaka mitano, naona ni mapema.

Ukishapata karatasi mpya, tafuta daktari wa pili aisome, ambaye hatapata chochote ukikubali au ukikataa. Kisha niandikie tena, unitajie wastani wa sukari umetoka ngapi na kama kile kiplastiki kimejazwa.

Mama Mshauri